Mnavu wa Upande wa Chini

Kuna Jumamosi moja ambayo, kuanzia saa saba mchana hadi karibu saa kumi na moja jioni, niliamini kwamba nimemuua mama yangu kwa mboga. Sisemi hivi kwa kutafuta mvuto wa sentensi, ingawa hiyo ndiyo kazi yangu na watu wa nyumbani wananituhumu nayo mara kwa mara. Niliamini kabisa.

Mama alikuwa ametoka kuugua. Alilazwa mjini Bukoba kwa homa ya mapafu, na aliporuhusiwa nilimchukua akae kwangu, mtaa wa Bakoba, wiki mbili apate nguvu. Homa iliondoka, lakini iliondoka na hamu yake ya kula. Kila alichowekewa alikitazama kwa adabu, akala vijiko viwili, akashukuru, akasukuma sahani. Ndizi alisema zina ladha ya sabuni. Samaki alikuwa kama karatasi. Mke wangu, mpishi mzuri na mwenye subira kunishinda, alijaribu supu, uji wa ulezi, maziwa ya mgando. Siku moja nilimletea chipsi kutoka Kashai. Alikula vipande vitano, akauliza kama kweli watu wazima hutoa pesa kununua vitu vile.

Alikonda mpaka gauni la kanisani likawa linamvaa yeye. Daktari aliyemruhusu alikuwa ameniambia pembeni, kwenye korido, "Dawa amemaliza. Sasa ni chakula. Asipokula, umri wake hauna akiba." Maneno hayo nililala nayo kila usiku, na kila asubuhi niliyakuta yameamka kabla yangu.

Halafu Alhamisi, bila kuulizwa, mama akasema, "Nataka mnavu."

Tukaukimbilia sokoni. Mke wangu akaupika kwa karanga na kitunguu, ukanukia nyumba nzima. Mama akaonja, akaweka kijiko chini taratibu.

"Mkamwana, umepika vizuri," alisema. "Lakini huu mnavu umelelewa kwa maji ya bomba. Mimi nataka wa kibanjani kwangu. Mchungu."

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi nilimpakia kwenye gari langu dogo, nikapandisha naye kupitia Muhutwe hadi kwake, jirani na Kamachumu. Mke wangu alikuwa na kikao cha harusi ya mpwa wake. Kwa hiyo mpishi nilikuwa mimi, mwanaume wa makamo mwenye shahada mbili, ambaye mara ya mwisho kupika mboga ilikuwa kwenye bweni la chuo, na waliokula hawakumaliza.

Mnavu kwetu haupandwi. Unajiotea kibanjani, shamba linalozunguka nyumba, chini ya migomba, kati ya mibuni, na mwanamke anayepalilia kwa mkono anajua cha kung'oa na cha kuacha. Mama alipalilia hivyo maisha yake yote. Ukitazama kibanja chake ungedhani ni magugu yaliyosahaulika, kumbe kila kilichosimama kilisimama kwa ruhusa. Lakini magoti yalimshinda tangu mwaka jana, na kibanja kikaanza kumezwa. Siku alipolazwa, huku nikiwa na hofu na sijui niishike wapi, niliamua kufanya jambo moja la maana. Nilimpigia simu jamaa mmoja tuliyekaa naye dawati moja shule ya msingi, ambaye siku hizi anafanya kazi za mashamba, nikamwambia apulizie dawa ya kuua magugu kibanja chote. Mama sikumwambia. Nilijisikia msomi sana.

Jumamosi hiyo nilipofika na kukuta kibanja ni kijani tupu, majani yamefika magotini, niliona jambo moja tu: jamaa hakupulizia hata tone. Zaidi ya wiki tatu zilikuwa zimepita. Nilianza kuchuma mnavu huku nikitunga kichwani maneno ya kumwambia, sentensi nzuri nzuri zenye dharau ya kiungwana. Ukijani wote ule ulikuwa ushahidi wa uvivu wake. Haukunijia kichwani kama kitu kingine chochote.

Karibu na jiko kuku walikuwa wamedonoa kila kitu, mnavu ulikuwa wa kubahatisha. Nikashuka. Kadiri nilivyoshuka kuelekea mpaka wa jirani ndivyo majani yalivyokuwa mapana na laini. Nilikata ncha, nikajaza ungo, nikarudi nikijisifu.

Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko la nje akaniongoza kama dereva anayemfundisha mtu kurudi nyuma.

"Toa hizo punje za kijani. Zote. Osha. Tena. Sasa maji kidogo, siyo hayo, unataka kuuogesha mnavu?"

"Yakichemka niyamwage?"

"Umwage nini?"

"Ule uchungu. Mke wangu humwaga maji ya kwanza."

"Mke wako katoka kwao na mambo ya kwao. Ukimwaga uchungu unabaki na majani tu. Hata mbuzi anakula majani."

Sikumwaga. Niliacha maji yakaukie chunguni, nikatia chumvi na kitunguu kimoja, na mvuke uliopanda ulinikumbusha kwa nini nilikimbilia mjini. Mimi uchungu wa mnavu siuwezi. Tangu utotoni unanifunga koo. Hii ni aibu kwa mtu wa kwetu, nami huwa naificha kwa kusema nina vidonda vya tumbo.

Sasa kuna jambo inabidi niliseme. Kwetu, anayekupa kitu cha kula au kunywa hukionja kwanza mbele yako. Akikumiminia lubisi, pombe yetu ya ndizi, atapiga funda moja ndipo akukabidhi. Sababu yake kila mtu anaijua na hakuna anayependa kuitaja: watu waliogopana, na bado wanaogopana. Niliwahi kuandika makala nzima kuicheka desturi hii, nikaiita hofu iliyovalishwa nguo za adabu. Makala ilinipatia sifa kidogo. Mama alisomewa, akasema nimeandika kwa mwandiko mzuri.

Nilipompelekea sahani, ndizi upande mmoja na mnavu upande mwingine, aliinua macho.

"Umeonja?"

"Nimeonja jikoni, Mae," nikasema.

Sikuwa nimeonja. Alinitazama muda mfupi, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kula.

Alikula. Sijui niseme vipi. Alimega ndizi, akachota mnavu, akafumba macho, akatafuna kama mtu anayesikiliza. Akachota tena. Sahani ikaisha, akaomba iongezwe, nayo ikaisha, akafuta mabaki kwa kipande cha ndizi. Nilikaa kizingitini nikageuza uso upande wa mibuni, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka anitanie. Chunguni hakikubaki kitu.

Saa saba hivi jamaa wa dawati moja akatokea, baiskeli mkononi.

"Wabonaki, Mae," akasalimu. "Naona umerudi na mwili."

"Mwili uko wapi? Nimebaki vijiti vya kuwashia moto."

"Vijiti vikavu ndivyo vinavyowaka." Akanigeukia. Huniita Profesa, cheo ambacho sina na anajua sina. "Profesa, umekuja kukagua kazi?"

"Nimekuja kukagua kazi ambayo haipo," nikasema. Ilikuwa sentensi ya kwanza kati ya zile nilizozitunga, na sikupata nafasi ya kutumia ya pili.

Akacheka. "Haraka ya nini? Subiri siku tano, sita. Nimepulizia jana."

"Jana?"

"Mvua, Profesa. Wiki tatu mvua tu. Nipulizie ioshwe yote iende ziwani? Jana asubuhi jua likatoka, nikapiga upande wote wa chini. Jumatatu namalizia huku juu."

Nilimshika mkono, nikamvuta nyuma ya nyumba kabla mama hajasikia zaidi.

"Uliishia wapi? Nionyeshe."

Alikuwa amefunga kipande cha kamba ya mgomba kwenye mbuni mmoja kuonyesha alipokomea. Tukashuka hadi pale. Nilianza kutafuta vikonyo nilivyokata mimi mwenyewe saa chache zilizopita, nimeinama kama mtu aliyedondosha pete. Upande wa juu wa kamba nilivipata: kimoja, kingine, vitatu pamoja. Nikaanza kupumua. Halafu nikavuka kamba. Pale palikuwa na shina kubwa la mnavu, limekatwa ncha zote, kama nywele zilizopita kwa kinyozi. Mbele yake jingine. Mbele yake jingine. Hadi mpakani.

Jamaa aliacha kucheka. "Hizi nani amechuma?"

"Mimi."

"Nani amekula?"

Alitazama upande wa nyumba, akavua kofia.

"Dawa gani?" nikamuuliza. "Inaitwaje?"

"Ya kuua magugu."

"Jina lake."

"Muuzaji alinipimia kutoka kwenye dumu, akanitilia kwenye chupa ya maji. Wote tunanunua hivyo. Lakini tazama, Profesa, majani bado mabichi. Zipo za aina mbili. Ile kali sana, ukipiga leo, kesho majani yameungua kama yamepitiwa na moto. Hii ni ile ya polepole. Ingekuwa ile kali ungeona."

"Una uhakika?"

"Nafanya kazi hii kila msimu."

Nilikuwa namsikia na simsikii. Nilitoa simu. Mtandao pale huja na kuondoka, na ulipokuja ulikuja na yale tu ambayo sikuhitaji: mapafu, figo, siku chache. Nilisoma sentensi nusu, ukurasa ukaganda, nikabaki nimesimama chini ya migomba na nusu ya sentensi. Nimetumia nusu ya maisha yangu kuwaambia watu wasome. Siku ile ningetoa chochote nisijue kusoma.

Tukagawana kazi. Yeye akapanda baiskeli kwenda dukani kutafuta jina la dawa lililoandikwa kwenye dumu, alilete zahanati. Mimi nikarudi kwa mama, na ule mwendo wa hatua themanini au mia moja sitaki kuurudia.

Nilimkuta ananawa mikono.

"Mae, twende zahanati."

"Nani anaumwa?"

"Wewe."

"Mimi nimeshiba."

Nikamwambia. Nilisema haraka, nikaruka maneno, nikarudi nyuma kuyaokota. Alinisikiliza hadi mwisho, maji yakimchuruzika vidoleni. Alichouliza hakikuhusu tumbo lake.

"Nani alisema kibanja changu kipuliziwe?"

"Mimi."

"Chote?"

"Chote."

Alikung'uta maji mikononi. Kisha akasema anakwenda kubadilisha nguo, kwa sababu kama ni kufa hafi na gauni la jikoni, na kama si kufa basi wauguzi wa zahanati wanamjua na hataki waone doa. Akaingia chumbani akafunga mlango. Nilisimama nje nimeweka sikio kwenye ubao, nikisubiri kishindo cha mtu kuanguka. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Nilisikia kitambaa. Kisha sikusikia kitu, kwa muda mrefu mno, nikaita, naye akajibu kutoka ndani, "Unataka kunivisha?"

Zahanati ya parokia haiko mbali kwa gari. Aliyetupokea alikuwa tabibu kijana wa kike, mpole, mwenye tabia ya kuandika kila jibu kabla ya kuuliza swali jingine, na ule ukimya wa kalamu ulinitesa kuliko maswali.

"Amekula saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

"Ametapika? Koo linawaka? Kuharisha?"

"Niulize mimi," mama akasema. "Hapana. Hapana. Hapana."

"Mboga mliosha?"

"Niliosha mara mbili."

"Maji ya kuchemshia mlimwaga?"

Mama akasema, "Nilimkataza."

Kalamu ikasimama, ikaendelea. "Wengine mliokula ni akina nani?"

"Hakuna," nikasema.

"Wewe hukula?"

"Sikula."

"Hata kuonja?"

Nilihisi mama ananigeukia. Benchi ya nje ilikuwa karibu na mlango ulikuwa wazi, na watu watatu waliokuwa wakizungumza habari za bei ya kahawa waliacha kuzungumza.

"Hata kuonja," nikasema.

"Uliniambia umeonja," mama akasema. Hakupandisha sauti. Alisema kama anavyomsahihisha mtu aliyekosea siku ya wiki. Kisha akamgeukia tabibu: "Andika na hilo."

Tabibu hakuandika. Alimpima mapigo na presha, akamtazama kinywani na machoni, akasema hadi sasa haoni kitu cha kutisha, lakini mengi yanategemea ni dawa ipi, na bila jina hawezi kutuachia. Akae pale, aangaliwe. Ikiwa ni ile kali, atatupeleka hospitali leo leo.

Tukakaa kwenye benchi. Watu wa bei ya kahawa walitusogezea nafasi kubwa kuliko tuliyohitaji.

Sijui kama umewahi kumtazama mtu unayempenda ukitafuta dalili. Kila kitu ni dalili. Alikohoa, nikasimama. Alipiga miayo, nikamwita tabibu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka juu ya rozari, na nilijaribu kukumbuka kama hutetemeka siku zote. Nilitafuta kichwani siku moja, siku yoyote, niliyowahi kuutazama mkono ule, nikaikosa. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu huyu mwanamke, watu wamenipongeza kwa kumwona vizuri, na sikujua mkono wake ukoje siku ya kawaida.

"Mae, mkono huu hutetemeka?"

"Ulianza mwaka ambao babako alifariki."

Akafumba macho. Baada ya dakika mbili nilimgusa bega.

"Nasali," akasema bila kufumbua. "Ukinigusa tena narudia kutoka mwanzo."

"Unasali nini?"

"Huyo jamaa wa baiskeli asidanganywe na muuzaji."

Kwa hiyo na yeye aliogopa. Hadi wakati huo nilidhani hofu yote ni yangu, na nilikuwa nimeishika kwa aina fulani ya majivuno. Kumbe alikuwa nayo tangu kwenye lile beseni la kunawia, ameibeba ndani ya gauni safi, na alikuwa ananitania ili nisiione. Ndipo nilipoogopa kweli.

Jamaa alifika saa tisa kasoro, shati limelowa jasho. Muuzaji alikuwa kwenye msiba, jamaa alimfuata hukohuko msibani, akamtoa, akamrudisha dukani afungue. Alikuwa amekata karatasi ya dumu kwa kisu, akaikunja mfukoni. Tabibu aliinyoosha mezani, akasoma, akapiga simu kwa mwenzake wa hospitalini, akamsomea herufi kwa herufi. Nilitazama mdomo wake. Alisema "ndiyo" mara nyingi, na "bibi, ndiyo," na "hapana, hakumwaga."

Akakata simu. "Ni ile ya polepole," akasema. "Siyo ile kali. Kwa kiasi hicho, mboga imeoshwa, na jinsi alivyo sasa, hatutegemei shida kubwa. Lakini asiondoke kabla ya jioni, na usiku akitapika au akipumua kwa shida mje mara moja. Na mashina yale yang'olewe yote yachomwe."

"Yasichomwe," jamaa akasema, "moshi wake."

"Basi yafukieni," tabibu akasema, na wakaanza kubishana kuhusu shimo lichimbwe wapi, mbali kiasi gani na kisima.

Mimi neno "kubwa" lilikuwa limenikwama. Hatutegemei shida kubwa. Nilitaka kumuuliza kuhusu shida ndogo, zinafananaje, huanza saa ngapi, lakini niliogopa angejibu. Nilirudi kwenye benchi nikaendelea kuhesabu pumzi za mama, na nilihesabu hadi jua likaanza kulala upande wa pili wa migomba ya padri.

Karibu saa kumi na moja alifumbua macho, akakunja rozari.

"Nina njaa," akasema.

Lilikuwa neno ambalo nyumba yangu yote ilikuwa imelisubiri kwa wiki mbili. Nikalisikia kama mtu anayesikia mlango ukivunjwa. Nilikwenda kwa tabibu.

"Anasema ana njaa."

"Vizuri. Ale."

"Ale nini?"

"Chakula, kaka."

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka. Nilitoka nje ya geti. Upande wa pili wa barabara akina mama walikuwa na meza zao: nyanya zimepangwa mafungu, kabichi, ndizi za kuiva, karanga za kukaanga, maparachichi, mayai ya kuchemsha. Nilisimama mbele yao na mkono mfukoni. Nyanya zilikuwa zinang'aa, na niliona mtu amebeba pampu mgongoni. Kabichi zilikuwa hazina tundu hata moja, na nilijua kwa nini hazina tundu. Ndizi sikuweza kujua zimeiva kwa siku ngapi na kwa kitu gani. Mama mmoja akaniuliza, "Waitu, nikufungie nini?" Nikamuuliza zimelimwa wapi. Akanitazama, akasema, "Ardhini." Nikasogea meza ya pili. Nikasogea ya tatu. Nilikuwa msomi mwenye pesa mfukoni, sokoni, na sikuweza kuchagua kitu kimoja cha kumlisha mama yangu.

Nyuma yangu jamaa alikuwa ametoka hadi getini.

"Profesa," aliita, "Mae anasema ulete chochote, lakini ulete sasa. Anasema anaisikia hamu inaanza kuondoka."

Nikanyakua maparachichi mawili, nikaacha noti mezani, nikakimbia.